Barua ya Mfano

Zoezi lilikuwa limepata mbili juu ya kumi, na mwalimu wa darasa alikuwa ameandika chini yake kwa wino mwekundu: Mzazi asome, atie sahihi. Binti aliweka daftari mezani, akaweka na kitabu cha kiada kikiwa wazi, kisha akavuta kiti akakaa upande wa pili, mahali anapokaa siku zote ili auone vizuri mdomo wa mtu anayezungumza naye. Alikuwa na miaka kumi na minne. Sikio la kushoto halikuwahi kufanya kazi, na la kulia lilisaidiwa na kifaa kidogo cha rangi ya maziwa, ambacho kilipiga mluzi kila betri ilipokaribia kwisha.

Mama yake ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka kazini. Alikuwa dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na sita sasa, na mikono yake ilinuka dawa ya kutoa madoa hata akiipaka mafuta. Alitafuta kalamu kwenye mkoba. Mbili juu ya kumi halikuwa jambo la kawaida kwa mtoto huyu, ambaye asichokisikia hukisoma, lakini siku hiyo hakuwa na nguvu za kugomba. Alitaka kutia sahihi akaloweke miguu.

"Soma kwanza," binti alisema. "Imeandikwa usome."

Basi akasoma. Ufahamu wa Nne: Barua ya Kirafiki. Soma barua ifuatayo, kisha ujibu maswali. Dada yangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyofunikwa, kwa sababu viti vyote vina nguo za watu. Mtoto hasikii. Jana nilisimama nyuma yake nikagonga ndoo kwa mwiko mara tatu, naye akaendelea kupanga vibanio vyake vya nguo kama mtu aliyeko peke yake duniani. Nimechoka mpaka kwenye kucha.

Alipofika kwenye kucha alisimama, akarudi juu, akaanza upya. Jambo la ajabu ni kwamba hakuhisi lolote. Aliendelea kusoma kama anavyokagua orodha ya mashuka yanayoshuka kutoka wodini, hili lipo, hili lipo, hili lipo. Koma zilikuwa zimewekwa mahali ambapo yeye hakuweka koma. Majina yalikuwa yameondolewa. Mengine yote yalikuwa yake, neno kwa neno, hadi ule mstari wa mwisho: Kuna siku natamani ningemwacha pale pale wodini nikarudi zangu kwenye mashuka.

Chini yake kulikuwa na maswali matano. La tano lilisema: Je, kwa maoni yako, mwandishi wa barua hii ni mama mwema? Toa sababu mbili. Alama sita.

Katika daftari, binti alikuwa amejibu maswali mawili ya kwanza vizuri, akaacha la tatu na la nne. Kwenye la tano alikuwa ameandika neno moja tu, Simjui. Mwalimu alikuwa amelikata kwa wino mwekundu na kuuliza pembeni: Sababu ziko wapi?

"Ni mimi yule mtoto?" binti aliuliza.

Angeweza kusema barua za vitabuni hutungwa tu. Ulimwengu una ndoo nyingi na watoto wengi wa kuchezea vibanio. Lakini hadithi ya ndoo na mwiko ilikuwa imesimuliwa katika nyumba hii mara nyingi, kila mgeni alipouliza ilivyogundulika, na kuchoka mpaka kwenye kucha hakuna mtu mwingine aliyewahi kusikika akisema hivyo.

"Ndiyo," alijibu.

Binti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua.

"Tia sahihi," alisema. "Anakusanya kesho asubuhi."

Akatia sahihi.

*

Baba wa nyumba hiyo alikuwa fundi friji, mtu wa mzaha, mwepesi wa kusema "litapita" juu ya kila jambo, kuanzia homa hadi mwenye nyumba. Aliusoma ukurasa akiwa amesimama, kofia ingali kichwani.

"Na mimi nimo humu?"

"Mstari wa kumi."

Akausoma kwa sauti. "'Mume wangu anasema litapita.' Ndiyo hivyo tu? Kuhangaika kote kule, mimi ni mstari mmoja?"

Akavua kofia, akakaa.

"Uliandika lini haya?"

"Akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ulikuwa umesafiri kikazi."

"Ukamwandikia dada yako, mimi hukuniambia."

"Wewe ungesema litapita."

Alikiweka kitabu mezani, kikiwa wazi. Aliyeipokea barua ile alikuwa mtu mmoja tu, dada mkubwa. Dada mkubwa ameolewa na mwalimu, na mwalimu huyo, miaka mitatu iliyopita, aliteuliwa kwenye kamati ya kuandika vitabu vya lugha. Kitabu kilipotoka aliwaletea nakala iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi. Walimpongeza, wakapiga naye picha, wakakiweka juu ya kabati kikimsubiri binti afike darasa hilo. Kilikaa pale mwaka mzima na hakuna aliyekifungua.

Asubuhi iliyofuata binti aliamka, akaoga, akavaa sare, kisha akakaa kitandani akakunja mikono.

"Utachelewa, bosi," baba yake alimwambia. Bosi ndilo jina alilompa tangu akiwa wa kubebwa.

"Ijumaa kuna mjadala. Darasa limegawanywa. Mimi niko upande wa kusema yule mama ni mbaya." Sauti yake ilikuwa nzito na sawasawa, sauti ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake anapozungumza. "Siendi mpaka ule ukurasa utoke."

"Utoke wapi?" mama yake aliuliza.

"Kwenye kitabu."

"Vitabu vimeshachapwa, mwanangu. Viko shule zote."

"Basi siendi."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Hilo lingemtia mama yake hofu, kama ndani yake kungekuwa na mahali pa kuitia. Aliangalia saa, akachukua mkoba, akaenda kazini, kwa sababu mashuka ya wodi hayajui kwamba nyumbani kwa dobi kumeharibika.

*

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, huvuta, hulipiga hewani mara moja litoe mikunjo, kisha husogeleana mpaka vidole vikutane, mmoja akampa mwenzake pembe zake. Dobi alikunja na mpiga pasi, mama wa watoto wanne, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika. Walikuwa wamekunja pamoja miaka tisa.

"Mwenzangu, umekiona kitabu cha hawa watoto?" mpiga pasi alisema, akavuta. "Mle ndani wamemweka dobi kama sisi. Dobi wa hospitali! Nikafurahi, nikasema leo tumetajwa. Kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe mwanamke hana hata haya. Anaandika alitaka kumtupa mwanawe wodini. Wangu yule wa mwisho kaniuliza, eti mama, na wewe ulitaka kuniacha? Nikamwambia mimi nina roho ya binadamu."

Walisogeleana. Vidole vikakutana. Dobi akatoa pembe zake.

"Labda alikuwa amechoka," alisema.

"Nani asiyechoka? Mimi sasa hivi sijachoka?" Mpiga pasi aliweka shuka juu ya rundo akalipigapiga. "Mtu wa hivyo ningemjua ningemwambia machoni."

"Ungemwambia nini?"

Mpiga pasi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kusema tu ili aseme. "Ningemwambia mambo mengine hayaandikwi," alisema mwishowe, akashika pembe za shuka jingine.

Walikunja mashuka mia na arobaini siku hiyo. Dobi aliyahesabu yote na hakukosea.

*

Mwalimu, mume wa dada mkubwa, aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa ya shule, ndani ya uzio wa shule, na kengele ya shule ilining'inia karibu kabisa na dirisha la sebule.

"Karibuni, shemeji, karibuni sana! Mmeiona? Nilikuwa nahesabu siku binti afike darasa hilo muione wenyewe. Nilimwambia dada yenu, tusiwaambie, waikute tu."

Fundi friji alitazama mkewe. Mkewe alitazama mkeka.

"Shemeji," Mwalimu aliendelea, akavuta kiti karibu, "nikwambie ukweli. Barua nilizotunga mimi, mhariri alizirudisha mara tatu. Akasema hazina pumzi. Natumai u mzima, mimi huku ni mzima, hofu ni kwako. Nani anaandika hivyo siku hizi? Nikakata tamaa. Siku moja natafuta uzi kwenye droo ya cherehani ya dada yako, naikuta hii. Nimefundisha lugha miaka ishirini na mbili. Sijapata kusoma barua kama ile. Nilikaa chini, shemeji. Nilikaa chini pale pale."

Na alikuwa anasema kweli, hiyo ndiyo taabu yake. Macho yalikuwa yamemlowa. Mtu huyu alimheshimu dobi zaidi ya wote waliopata kumheshimu, na kwa heshima hiyo alikuwa amemvua nguo mbele ya watoto wa nchi nzima.

"Hukuniuliza," dobi alisema.

"Nilimwuliza mwenye barua."

Dada mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Alikuwa amemzidi mdogo wake miaka kumi na mmoja, ndiye aliyemfundisha kuandika, na mbele yake dobi hakupata kusema neno kali maisha yake yote.

"Nilidhani ni yangu," dada alisema. "Si uliniandikia mimi?"

"Nilikuandikia wewe."

"Ndiyo."

"Wewe peke yako, dada."

Vikombe viligongana kwenye trei. Dada aliiweka mezani na hakumimina.

"Majina niliyatoa," Mwalimu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Na ile mistari minne niliiondoa kabisa. Mwingine asingeiondoa. Niliona hii, hapana, hii tumstahi."

Fundi friji aliinua kichwa. "Mistari gani?"

Dobi aliikumbuka vizuri. Ilikuwa chini ya ule mstari wa wodi, aliiandika huku mtoto amelala kando yake, na ilikuwa mibaya kuliko yote yaliyoko kitabuni. Hapa haitaandikwa. Imeshasomwa na watu wa kutosha.

"Lile swali la tano," aliuliza badala yake. "Ni la nani?"

"Maswali ni ya kamati."

"La tano, shemeji."

Mwalimu aliangalia vikombe. "La tano ni langu. Ni swali la kumfikirisha mtoto. Halina jibu moja, unaona, ndiyo uzuri wake."

Kengele ya shule iligongwa nje. Ikagongwa sana, na wageni wakaitumia kama sababu ya kuinuka. Walipoaga, dada mkubwa aliwasindikiza hadi kwenye uzio na hapo akamshika mdogo wake kiwiko.

"Ukipeleka malalamiko watamtoa kwenye kamati. Wakimtoa kwenye kamati kwa aibu, shule nayo haitamwacha. Na nyumba unaiona ni ya nani." Alitazama nyuma, mumewe alikuwa bado mlangoni akipunga mkono. "Sikuzuii. Nakwambia tu ujue."

*

Ofisi ya wachapishaji ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vigae. Aliyehusika na hakimiliki alikuwa mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, na ambaye, kwa kumtazama, hakuwa amepata malalamiko ya namna hii siku nyingi. Alimpa dobi kiti chenye mto, yeye akakalia kisicho na mto.

"Sheria ya barua ni nyepesi, mama," alisema. "Karatasi ni ya aliyeandikiwa. Maneno ni ya aliyeandika. Dada yako anaweza kuichana, kuichoma, kuifungia kabatini, ni mali yake. Kuichapa hawezi, wala kumruhusu mtu aichape. Hapo lazima wewe useme ndiyo."

"Sikusema."

"Basi tumekosa sisi." Aliliandika hilo. "Kuna njia mbili. Ya kwanza, uturuhusu sasa. Kuna malipo, si makubwa, na toleo lijalo tutaweka jina lako chini ya barua kama mtunzi."

Dobi alijaribu kulifikiria jina lake pale chini. Midomo ilimcheza, karibu acheke.

"Ya pili?"

"Ya pili tunauondoa. Waraka unakwenda shule zote, ukurasa unakatwa, tunaleta mwingine wa kubandika. Kwa hilo nahitaji barua yenyewe, kwa mwandiko wako. La sivyo kesho anakuja mwingine anadai ni yake."

"Utaisoma?"

"Lazima nilinganishe na kitabu. Neno kwa neno."

"Yote?"

"Yote, mama. Ndiyo kazi yenyewe." Alisukuma fomu mbele yake, akamwonyesha mahali. "Hapa unaweka sahihi wewe. Na hapa, anayetajwa ndani ya maandishi. Ameshatimiza miaka kumi na minne? Basi aje naye. Mambo ni yake pia."

Alishuka ngazi akisimama kwenye kila kona. Ili kuyaondoa yale ya kitabuni ilimpasa kuyatoa yale ambayo hata kitabu kiliyaonea haya. Alikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya duka la vigae, akasubiri ajisikie vibaya. Watu walipita na maboksi yao. Baada ya muda alisimama akaenda zamu ya mchana.

*

Sare ya binti ilining'inia kwenye msumari wiki ya pili. Alikuwa hakasiriki. Aliosha vyombo, alifagia, alimsaidia baba yake kupanga skrubu za friji kwa ukubwa, na akiulizwa alijibu. Ila alikuwa ameacha kutazama mdomo wa mama yake. Mama akizungumza, aliangalia chini au pembeni, na maneno yakapotea hapo katikati ya chumba. Ilibidi aandikiwe. Niletee chumvi. Betri ya sikio imekwisha? Baba amechelewa, kula.

Dada mkubwa alikuja Jumamosi peke yake, mtandio kichwani na bahasha ndani ya mkoba. Fundi friji aliona uso wake akakumbuka kwamba ana kazi mahali.

"Hii hapa," dada alisema, lakini hakuitoa mkononi. "Nimeifikiri njia nzima. Nikiichoma, hakuna ushahidi. Mwalimu anabaki na kazi yake. Na ile mistari hakuna atakayeisoma tena, si mzee wa ofisini wala mtoto. Inakwisha leo, hapa hapa, kwenye jiko lako."

"Na ukurasa?"

"Ukurasa utabaki. Ila kila mwaka darasa jipya, watoto husahau."

Ilikuwa shauri la mtu mwenye akili na lilitoka kwa mtu aliyempenda. Dobi alitazama jiko. Kulikuwa na moto kidogo umebaki chini ya birika. Alitazama sare kwenye msumari, kola ikiwa imeanza kushika vumbi, na kwa jicho la kazi yake akaona itabidi ifuliwe upya kabla haijavaliwa.

"Nipe, dada."

"Atakuchukia."

"Nipe."

Dada aliitoa. Ilikuwa laini kwenye mikunjo. Ilikuwa imesomwa mara nyingi.

"Ulipoandika ile mistari," dada alisema, "nilipanda gari kesho yake. Unakumbuka? Nilikaa nawe mwezi mzima. Sikukuuliza kitu."

"Nakumbuka."

"Kwa hiyo barua ilifanya kazi yake." Sasa alikuwa analia, waziwazi, pua na macho. "Nilipaswa kuichoma siku ile ile niliyorudi nyumbani. Niliiweka kwa sababu ulikuwa hujapata kuniandikia kitu kirefu namna ile."

Dobi alimpa kitambaa. Alitamani kulia naye. Alisimama pale na mikono yake, akangoja dada amalize.

*

Walikwenda Jumatatu, mama na binti. Nje ya mlango wa mzee kulikuwa na benchi, na juu yake bango la kitabu kipya. Walikaa. Dobi aliitoa bahasha akamgusa binti bega, akasubiri mpaka akageuka na, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamtazama mdomoni.

"Nataka uisome wewe kabla yake," alisema, akitamka taratibu. "Ndani kuna mengine ambayo hayako kitabuni. Mistari minne."

"Mizuri?"

"Hapana. Ni mibaya zaidi."

Binti aliichukua bahasha. Aliigeuza. Upande wa mbele kulikuwa na mwandiko wa mama yake alipokuwa kijana, wa duara, umeegemea kulia.

"Ni jina la mama mkubwa," alisema.

"Amenipa nikupe."

"Uliniandikia mimi?"

"Hapana."

"Ulitaka niisome?"

"Hata siku moja."

Binti aliishika kitambo, kidole gumba juu ya gundi kuukuu. Mtu angeona jinsi alivyotaka kuifungua. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne na iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa habari yake mwenyewe. Kisha akairudisha mapajani mwa mama yake.

"Si yangu," alisema.

Mlango ulifunguliwa wakaitwa.

Mzee aliwapa viti, akavaa miwani. Aliweka kitabu kushoto na barua kulia, kidole kimoja huku na kimoja kule, akaanza kulinganisha. Alisoma polepole, vidole vikishuka pamoja. Ndoo. Vibanio. Kucha. Dobi aliangalia vidole. Alijua kila vilipofika kama ajuavyo ngazi za nyumbani kwake gizani. Vilifika kwenye wodi, na hapo kidole cha kushoto kikasimama kwa sababu kitabu kilikuwa kimekwisha. Cha kulia kikaendelea peke yake.

Ndipo alipoinua macho akaona midomo. Mzee alikuwa wa wale wanaosoma kwa midomo. Sauti haikutoka hata chembe, lakini kila neno lilitamkwa, kamili, bila haraka, uso ukiwa umeelekea mbele, na mbele yake alikaa binti aliyeitazama midomo ya watu tangu akiwa na miaka miwili.

Ganzi ilimtoka dobi kwa mkupuo mmoja. Ilimuuma kama mguu uliolaliwa unapopata damu. Alitaka kumziba mzee mdomo kwa kiganja, alitaka kuipokonya karatasi, na mwili haukutii. Aliweza tu kumgeukia mtoto wake. Binti naye akamgeukia, akauona uso wa mama yake, akajua mzee amefika wapi.

Binti akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, kope zikajikunja, kisha akapeleka mkono sikioni akakizima na kifaa. Akakaa hivyo, mikono mapajani, ndani ya giza na kimya alivyojitengenezea mwenyewe, mzee akisoma.

Mistari minne si mirefu. Mzee aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha kwenye bahasha, akavua miwani.

"Ni yako, mama," alisema. Alisukuma fomu. Dobi akaweka sahihi. "Na mtoto, hapa."

Mtoto hakusikia. Alikuwa bado amefumba.

"Amemaliza?" aliuliza kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejua kiasi chake, na makarani wa chumba cha pili wakageuka.

Mama yake aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba haonekani. Alifungua mdomo kusema ndiyo, akakumbuka kwamba hasikiki. Basi akauchukua mkono wa mwanawe akauweka kwenye shavu lake. Shavu lilikuwa limelowa lote. Binti alilipapasa polepole mpaka chini ya jicho, akafumbua macho, akachukua kalamu.